Uso Ndani ya Karai

Mama yangu alikuwa mtu wa ukweli mpaka akakera. Ukimwonyesha gauni ulilohangaika kulishona wiki nzima, analigeuza ndani nje, anautafuta ule mshono mmoja uliopinda, halafu anakwambia mbele ya mwenye gauni. Kanisani walimwachia ufunguo wa kabati la vyombo vya meza ya Bwana kwa sababu walijua hawezi kudanganya hata akitaka. Katika maisha yangu nilimsikia akidanganya mara moja tu. Alidanganya mbele ya karai la maji, nyumbani kwa mwanamke mmoja mzee upande wa Chwele, na uongo wenyewe ulikuwa juu yangu.

Tulizaliwa mapacha, mimi na ndugu yangu. Nilitangulia mimi, yeye akanifuata kimya, mpaka mkunga akampiga kofi ndipo akalia. Mimi wa kike, yeye wa kiume, lakini sura moja: paji pana la baba, macho yaliyozama kidogo, mwanya kwenye meno ya juu. Tofauti ilikuwa kimo. Tulipomaliza kukua alinizidi vidole vinne. Nilijua hivyo kwa sababu ni mimi niliyemshonea suruali, na yeye mwenyewe hakuacha kunikumbusha. Kijijini mama hakuwa na jina lingine ila Mama wa Mapacha. Waliomsalimia njiani walimwita hivyo, na yeye aliitikia kama mtu anayeitikia cheo.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo mjini Bungoma, kwenye baraza ya duka la mzee mmoja Mwislamu, si mbali na msikiti. Mzee yule alipomwona ndugu yangu akija barazani alisema, "Eh, fundi, leo umeamua kuvaa suruali?" Ndugu yangu alikuwa akiketi kwenye cherehani yangu na kumjibu kwa sauti yangu, "Mzee, leo hatupokei kazi, rudi kesho." Walicheka wote wawili, nami nikawafukuza nipate kufanya kazi. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na wao walijua kunichokoza.

Baba alipofariki, ndugu yangu alikwenda Kitale kutafuta riziki, akapata kazi ya utaniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mahindi. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alikuwa akija nyumbani kila lori lilipopita barabara yetu, nywele zimejaa vumbi la magunia, na mama akimwekea chakula kwenye sahani ya bati ya bluu aliyokulia tangu utotoni. Msimu mmoja wa mavuno hakuja. Dereva wake alifika peke yake, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema walisimama Kachibora siku ya soko, kijana akashuka kununua kitu cha kula, akaingia kati ya watu, na hakurudi. Dereva alisema alipiga honi mpaka wenye vibanda wakamkasirikia, halafu akaondoka akidhani kijana atapanda gari lingine.

Tulimtafuta. Tuliuliza Kachibora, tukauliza Kitale, tukauliza Webuye alikokuwa na marafiki. Tuliingia vituo vya polisi na wodi za hospitali, na vile vyumba vingine vya hospitali ambavyo mama alinikataza kuingia, akaingia yeye mwenyewe na baba mkubwa. Kila mara alitoka akitikisa kichwa, na kila mara nilimshukuru Mungu na papo hapo nikakasirika naye. Wakati huo simu zilikuwa za watu wachache. Namba tuliyoiacha kila mahali ilikuwa ya mwenye duka langu, na kila simu yake ilipolia nilisimamisha cherehani. Mzee aliitoa sikioni, akaniangalia, akasema taratibu, "Si yeye, mwanangu. Endelea na kazi."

Baadaye maneno yakaanza. Kwetu vijana hupashwa tohara mwezi wa nane, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana, na mwaka wenyewe ulikuwa unakaribia. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa na wajukuu waliofika umri. Wazee wa ukoo wakamwambia kwamba damu ya vijana haimwagwi katika boma lenye mtu asiyejulikana kama yuko au hayuko. Ama ijulikane yu hai, ama azikwe.

Na mtu asiye na maiti huzikwa hivi. Wazee wanakata mgomba, wanauvisha nguo ya aliyepotea, wanauweka kaburini, na matanga yanakaliwa kama matanga mengine. Akishazikwa hivyo, amezikwa. Hata akitokea kesho akiwa mzima, haingii nyumbani kwa mama yake. Anasimama nje ya boma kama mzuka mpaka wazee wamtakase, na wako wasiokubali kumtakasa. Kwa pacha kuna jambo la zaidi. Yule aliyebaki hulazwa chini kando ya mgomba, na mgomba hukatwa kwa kimo chake.

Baba mkubwa aliyaleta haya sebuleni kwetu, polepole, akizungusha bakora yake sakafuni. "Mama wa Mapacha, si unaelewa. Hata mimi nampenda huyo kijana. Lakini wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Hawa vijana wadogo watangojea mpaka lini?"

"Mtoto wangu si mgomba," mama akasema.

"Hakuna mtu amesema ati ni mgomba."

"Basi usiniletee panga hapa."

Siwezi kusema baba mkubwa alikuwa mtu mbaya, ingawa wakati huo nilisema hivyo na mengine zaidi. Alikuwa amebanwa. Ndiye aliyetoa shauri kwamba tuulize kwanza. Kulikuwa na mtu Kitale, alisema, mwenye kioo cha mviringo, na watu walitoka mbali kumwendea. Kioo kikisema yu hai, basi, boma litafungua tohara na hakuna atakayemsumbua mama tena. Kikisema hayupo, mama akubali mgomba. Mama akasema atakwenda. Sikuamini masikio yangu. Mama yangu, aliyewahi kuwatoa majirani mlangoni kwa sababu walivaa hirizi.

Tulikwenda watatu. Kabla hatujaingia kwa yule mtu, mama alivua kitambaa chake cha kikundi cha akina mama wa kanisa, akakikunja vizuri, akakitia ndani ya mkoba. Hakunieleza na sikumuuliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kukuta ngozi na mafuvu. Tulikuta chumba safi cha kupanga, meza yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na bwana mmoja mwenye fulana ya sufu aliyetumiminia chai kwa kichujio kidogo bila kudondosha hata tone. Baba yake, alituambia, alikuwa mpishi katika nyumba ya mzungu mwenye shamba kubwa la mahindi huko Trans Nzoia. Mzungu alipouza shamba na kuondoka, alimwachia mpishi kitanda, sufuria na lile tufe la kioo lililokuwa likikaa mezani juu ya karatasi zisipeperuke. Mpishi ndiye aliyegundua kwamba linaona. Yeye alirithi macho ya baba yake, alisema, pamoja na kichujio.

Tufe lilikuwa zito, ukubwa wa chungwa, na ndani yake kulikuwa na kipovu kimoja cha hewa. Alilishika kwa kitambaa, akaomba shati la ndugu yangu tulilokuja nalo, akalipitisha juu yake, kisha akaliweka mezani na kuinama. Alisema anaona mahindi. Nikawaza, Kitale hapa, nani haoni mahindi? Alisema anaona watu wengi, soko, kijana anashuka. Haya yote baba mkubwa alikuwa ameshayasema wakati wa chai. Kisha akatuonyesha kile kipovu. Kipovu kikikaa juu, mtu yuko juu ya ardhi. Kikikaa chini, mtu yuko chini. Kipovu kilikuwa chini, karibu na kitambaa. Nilitaka kumwambia kwamba inategemea ameliweka vipi, lakini nilimwona baba mkubwa akivua kofia yake na kuishika usoni, mabega yakimtikisika, nikaacha. Alikuwa analia kweli. Mpaka siku hiyo nilidhani anachotaka ni tohara tu.

Mama hakulia. Aliinama, akakitazama kile kipovu kwa karibu, jinsi alivyokuwa akitazama mishono yangu.

"Hiki kiliingiaje humu ndani?" akauliza.

"Kilikuwamo tangu kiwandani, mama," yule bwana akajibu kwa heshima. "Kioo kilipokuwa bado cha moto."

"Basi kilikuwamo kabla mwanangu hajazaliwa. Kinamjulia wapi?"

Sidhani kama yule bwana alikuwa amewahi kuulizwa hivyo. Aliongeza chai. Mama akalichukua shati, akalikunja, akasimama.

Njiani kurudi baba mkubwa alisema mwenye macho haambiwi tazama, na kwamba mama alikuwa ameahidi. Mama akasema ameahidi kukubali atakachoonyeshwa, na yeye hajaonyeshwa kitu, ameonyeshwa hewa. "Kama ni kuangalia, nitaangalia mwenyewe. Nipeleke kwa maji. Nikimkosa kwenye maji, kata mgomba wako, sitafungua mdomo."

Kumtafuta mtu kwenye maji ni mambo ya kwetu hasa, ya zamani kuliko vioo vya wazungu, na baba mkubwa aliyaheshimu zaidi. Kwa hiyo alikubali. Tulikwenda Chwele siku ambayo si ya soko, tukapanda bodaboda mpaka kwenye boma lililozungukwa na miti ya mikaratusi. Mwenye maji alikuwa mwanamke mzee sana, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima maisha yake yote. Mama alimwita kukhu, yaani bibi, ingawa hawakuwa na udugu. Wanaume hawaingii kwenye maji, kwa hiyo baba mkubwa aliachwa nje kwenye benchi. Dirisha lilikuwa wazi na tuliweza kumsikia akikohoa.

Ndani kulikuwa na karai la bati ambalo kukhu alikuwa amelipaka masizi ndani yote mpaka likawa jeusi tititi. Alilijaza maji, akangoja yatulie. Alitueleza kazi yake kwa maneno machache. Yeye haangalii. Macho yake hayamjui aliyepotea, kwa hiyo yakimwona hayatamtambua. Anayeangalia ni mwenye uchungu. Na mtu mmoja wa damu yake husimama nyuma akimshika mabega, kwa sababu wako walioanguka wakazamisha uso majini.

Halafu akauliza, "Huyu mtoto, alikuja peke yake tumboni, ama alikuja na mwenzake?"

Mama aliendelea kuyatazama maji.

"Nauliza kwa sababu maji ni mjinga," kukhu akasema. "Yanachukua uso wowote uko karibu. Kama ako na pacha, huyo pacha akae nje kabisa, mbali, hata kivuli yake isiingie hapa."

Nikageuka nitoke. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Alikuja peke yake," mama akasema.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, ile ile aliyotumia kusoma Maandiko. Nilimtazama. Hakunitazama. Mama wa Mapacha, aliyeitikia jina hilo tangu siku tuliyozaliwa, aliniondoa tumboni mwake kwa maneno matatu. Iliniuma, na nasema wazi, iliniuma kuliko kipovu cha Kitale. Wakati huo sikuwa nimeelewa bado. Nilielewa aliponiambia, "Vua kitambaa cha kichwa, kinaniwekea giza." Nywele zangu nilikuwa nimezinyoa fupi, kwa sababu ya joto la pasi. Nikavua. Nikasimama nyuma yake, nikamshika mabega, naye akainama juu ya karai, na mimi nikalazimika kuinama naye.

Uso wa mama ulitokea kwanza, umejikunja. Kisha juu ya bega lake ukatokea mwingine. Paji pana, macho yaliyozama. Masizi yalikuwa yamefuta kila kitu kingine, hereni, kola ya blauzi, kila kilichokuwa cha kike. Nilijua ni mimi. Pamoja na kujua, nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo kidogo, na yeye kule ndani akafungua wake, na nikauona mwanya.

"Nimemuona," mama akasema, kwa sauti iliyofika nje ya dirisha. "Yuko mzima. Amekonda kidogo, lakini yuko mzima."

Nje, benchi lililia. Baba mkubwa alikuwa amesimama. Nikamsikia akisema, "Asante, Mungu," na mara nyingine tena, "Asante."

Kukhu alinitazama mimi, akatazama maji, akamtazama mama. Kisha akabeba karai kwa ile mikono yake mikubwa, akayamwaga maji nje nyuma ya nyumba. Aliporudi akamwambia mama, "Umeona kitu ulikuja kuona. Nenda, mwanangu." Baba mkubwa alitupokea mlangoni akicheka na kupangusa macho, na hakuuliza lolote. Mtu aliyepewa alichokitaka haulizi maswali, na mimi sikuwa mtu wa kumfunulia. Mama angepelekwa tena kwenye panga.

Vijana wakapashwa tohara mwaka ule. Walichezewa ngoma, wakapakwa matope, wakasimama imara, na boma likajaa watu. Hakuna aliyezungumzia mgomba tena. Aliye hai hana matanga.

Sasa hapo ndipo miaka ilianza kuwa migumu kwangu. Kila Krismasi mama aliitoa ile sahani ya bluu, akaipakulia, akaiweka mezani, na jioni akawapa kuku. Hilo nililivumilia. Nililoshindwa ni jinsi alivyoanza kunitazama. Nilipokuwa nakula, nilipokuwa napiga pasi, nilipoinama kuwasha jiko, niliinua kichwa nikamkuta ananitazama, na nilijua si mimi anayemwona. Siku nyingine alitabasamu, na tabasamu hilo halikuwa langu. Niliwahi kumwuliza kwa hasira, "Mama, unaangalia nini?" Akajibu, "Kwani uso wako una kodi?" na akaendelea na mboga zake. Nilirudi mjini mapema siku hiyo. Nikamwambia mzee wa duka kwamba naumwa kichwa, na nilijua amenielewa kwa sababu hakuniuliza.

Simu zikawa za kila mtu. Hata mama akawa nayo, ndogo, akiifungia kwenye leso. Haikulia kutoka kwa yule aliyengojwa. Nami nikaendelea kushona na kuzeeka kwa kasi ya ukoo wetu. Baba alikuwa na mvi kabla hajafika arobaini, na mimi nilipoziona za kwanza kwenye kioo cha kupimia nguo, pembeni juu ya masikio, sikushangaa. Nilifunga kitambaa.

Mwishoni mwa miaka hiyo mama akaugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kumla polepole, na daktari alituambia tumrudishe nyumbani apumzike. Nilifunga cherehani, nikahamia kijijini kumuuguza. Alasiri moja, mvua imetoka kuisha, aliniomba nimletee karai. Nikadhani anataka kutapika.

"Si hilo," akasema. "Lete lile jeusi la kupikia, na ulitie maji."

Nikalileta. Nililiweka kwenye kiti kando ya kitanda, nikamwinua, nikamweka mito mgongoni. Aliyangoja maji yatulie. Kisha akaniambia, "Simama nyuma yangu. Vua kitambaa."

Hakuna mtu aliyekuwepo isipokuwa sisi wawili, wala hapakuwa na wa kudanganywa. Nilivua. Nikapita upande wa kichwani, nikamshika mabega, na yalikuwa mifupa mitupu. Tukainama pamoja. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko siku ile ya Chwele.

"Amezeeka," akasema. "Tazama. Ana mvi kama za baba yenu."

Nikazidi kumshika mabega.

"Nilitaka nimuone akifika umri huu. Kijana aliondoka nyumbani ndevu hazijamjaa vizuri. Nikasema, hapana, hawatamzika akiwa vile. Acha kwanza awe mtu mzima."

Nikamuuliza lile swali nililolibeba miaka yote. "Mama, ulijua ni mimi?"

"Nimekuzaa. Nitakosaje kukujua?"

"Basi mbona ulinikana?"

Alitoa mkono chini ya blanketi, akaushika wangu uliokuwa begani mwake. "Nilikuwa namtafutia miaka kidogo," akasema. "Sikuwa na mahali pengine pa kuiweka ila kwako. Najua nimekuchosha. Nisamehe, mwanangu." Kisha akalala kwenye mito, na baada ya kupumzika akasema, "Mwite baba yako mkubwa. Mwambie aje na panga."

Nilimwambia hakuna haraka. Nilimwambia bado anaweza kurudi, watu wamerudi baada ya miaka mingi zaidi. Nilisema maneno yote ambayo yeye alikuwa akiyasema, na nililia nikiyasema.

"Nikitangulia mimi, hapatakuwa na mama kwenye matanga yake," akasema. "Nyinyi mtalia, ndiyo, lakini uchungu wa mwana aujua mzazi. Acha nimlilie mwenyewe."

Baba mkubwa alikuja kesho yake. Sasa alikuwa mzee wa kweli, bakora si ya kuzungusha tena. Mama alimweleza yote, pamoja na Chwele, bila kupunguza wala kuongeza, akarudi kuwa yule mtu wa ukweli wa kukera. Nilingoja akasirike. Alikaa akitazama chini, mwishowe akasema, "Wale vijana wamezaa watoto. Na mimi nilipata kulala hiyo miaka yote. Siwezi kukuuliza kitu, Mama wa Mapacha."

Siku ya kuzika tulimtoa mama nje kwenye kiti cha mikono, tukamfunika blanketi. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa. Mchungaji alikataa kuja, kwa sababu ya mgomba, lakini akina mama wa kikundi walikuja wote na wakaimba. Shati lilikuwa lile lile lililokwenda Kitale. Nilikuwa nimelipiga pasi asubuhi na kukaza kifungo kimoja kilicholegea.

Wazee walikata mgomba nyuma ya jikoni, wakauleta ukidondosha maji, wakaulaza kwenye nyasi. Nikaambiwa nilale. Nililala chali kando yake, kichwa kwa kichwa, nikiwa nimefumba macho. Mgomba ni baridi sana. Nilisikia baba mkubwa akipiga magoti kwa shida miguuni pangu, na panga likigusa gome usawa wa visigino vyangu.

"Usikate hapo," mama akasema kutoka kwenye kiti.

Watu wakanyamaza kuimba.

"Hapo ni kimo cha binti yangu. Kijana alimzidi vidole vinne."

Nikafumbua macho, nikageuza kichwa. Mama alikuwa ananitazama mimi. Baba mkubwa akaweka vidole vyake vinne kwenye gome, akasogeza panga, akakata. Nikainuka, nikakung'uta nyasi mgongoni, nikaenda kusimama karibu na kiti cha mama.